Mawakala wa au pair hapa Malindi: mnakula pesa za wazazi wetu, na haki zetu mnatuficha

Wadau, bango limerudi. Limebandikwa ukutani pale mjini, njia ya kuelekea sokoni: "Kazi Ujerumani, wasichana wa miaka 18 hadi 26, mshahara mnono, nafasi chache." Nambari ya simu iliyo chini yake nimeihifadhi kichwani, maana ndiyo iliyopokea pesa za bangili za mamangu. Nimewakuta wasichana wanalipiga picha, mmoja bado yuko na sare za shule. Nikasema leo sinyamazi. Asiyependa kusoma marefu apite.

Uongo wa kwanza ndio mama wa mengine yote: kwamba hii ni kazi ya mshahara. Au pair si ajira. Ni mpango wa kijana kukaa na familia ya ugenini kwa muda maalumu, na kwa Ujerumani usiozidi mwaka mmoja, ajifunze lugha na maisha ya wenyeji, naye awasaidie kuangalia watoto na kazi ndogondogo za nyumbani. Nchi za Ulaya ziliuandikia mpango huu mkataba wao kule Strasbourg tangu 1969, kwa hivyo si jambo la jana ambalo wakala anaweza kusema hakulijua. Ujerumani unapewa chumba chako, chakula, bima, na pesa ya mfukoni euro 280 kwa mwezi. Mia mbili na themanini! Hiyo kwa hesabu ya hapa inacheza kwenye Sh40,000. Huyu bwana wa bango, wakala wetu, alituketisha kwenye viti vya plastiki, sisi na mama zetu, akatwambia Sh150,000 kila mwezi na za ziada juu yake. Mamangu akapiga hesabu palepale: mabati ya nyumba, karo ya wadogo zangu. Uongo ule haukuniumiza mimi peke yangu. Uliingia kwenye mipango ya nyumba nzima, na nilipoanza kutuma kidogo nilichokuwa nacho, watu wa kwetu wakasema nimefika Ulaya nimekuwa mchoyo. Nani atawatoa fikra hiyo leo?

Tuje kwenye pesa. Alitutoza Sh280,000, na tukaambiwa tiketi imo humohumo. Karibu na siku ya safari akasema ndege imepanda bei, ongezeni. Hapo ndipo bangili zilipokwenda. Sasa sikilizeni gharama zilivyo. Viza ni euro 75, unalipa ubalozini Nairobi. Pasipoti mnajua bei yake. Kijerumani cha kiwango cha A1, yaani cha mwanzo kabisa, lazima uwe nacho kabla ya kuomba viza, na mtihani wake unafanyika Goethe-Institut Nairobi, kituo cha lugha ya Kijerumani, kwa hivyo weka na basi la usiku la kwenda na kurudi. Tiketi ya ndege kwa kawaida msichana hujilipia. Jumlisha utakavyo, bado kuna pesa nyingi ambayo haina maelezo. Na wakala aliyeko Ujerumani kwenyewe, sheria yao haimruhusu kumtoza msichana zaidi ya euro 150 kwa kumtafutia familia. Huku kwetu mtu ana dawati moja na feni ya juu anatoza mara kumi na zaidi, na watu wanamwita mfadhili.

Mkataba ulikuja kwa Kijerumani. Kijerumani changu wakati ule ni cha kujitambulisha na kuuliza bei ya mkate. Alizishika karatasi yeye mwenyewe, akafunua pembe tu na kuweka kidole: tia sahihi hapa, na hapa, na hapa. Nikaomba nakala. Akasema itakuja kwa barua pepe, na haikuja mpaka naondoka.

Nikafika katika familia yenye watoto watatu, na ratiba yangu ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji, imepakwa rangi: kijani watoto, bluu nguo na pasi, njano bibi. Bibi ni mamake mwenye nyumba, mzee wa kuinuliwa kitandani, kuogeshwa na kupewa dawa kwa saa. Nilikuwa naamka kiza hakijatoka, navalisha watoto yale makoti yao ya theluji yenye zipu kutoka mguuni hadi shingoni, nawapeleka chekechea, narudi kwa bibi, nafua, napiga pasi, naenda kuwachukua watoto, na Desemba kule jua linatua saa kumi jioni, kwa hivyo siku yangu ilianza gizani ikaishia gizani. Nikilala ni saa nne usiku. Nikiuliza habari ya shule ya lugha naambiwa mwezi ujao. Mtoto mdogo alinipenda, na mimi nilimpenda, sina neno na watoto.

Nikampigia wakala. Jibu lake nalileta kama lilivyo: "Vumilia. Shukuru hukwenda Uarabuni, wenzako huko wanachomwa na pasi."

Hilo ndilo lililonikaa rohoni kuliko hizo laki. Sisi watu wa Pwani yaliyowapata dada zetu Saudia tunayajua, tumewapokea uwanja wa ndege wengine kwa viti vya magurudumu na wengine kwa majeneza. Iweje mateso yao yawe kizibo cha kuniziba mdomo mimi? Mtu anachukua uchungu wa jirani yako anaufanya kipimo, kwamba maadamu hujachomwa basi huna haki ya kulalamika. Na wazazi wanakubali! Nyumbani pia niliambiwa vumilia, kwa maneno yaleyale, kwa sababu yeye ndiye aliyewafundisha.

Aliyenifungua macho ni msichana wa Colombia, naye au pair, tuliyekutana uwanja wa kuchezea watoto. Aliniuliza unafanya saa ngapi kwa wiki, nikamtajia, akashika mdomo. Akaniambia kamwombe mama wa nyumba nakala ya mkataba. Nikaomba, akanipa bila ubishi. Nadhani alijua sijawahi kuusoma. Usiku ule nikausoma neno kwa neno na kamusi ya simu. Saa 30 kwa wiki. Ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu, haikuhitaji hata kamusi, na kidole cha yule bwana kilikuwa kimeifunika siku ile.

Kwa hivyo nawaandikia yale ambayo yeye hakuyasema, mkayahifadhi. Saa 30 kwa wiki ndio mwisho, na kwa kawaida si zaidi ya 6 kwa siku. Siku moja na nusu ya kupumzika kila wiki, na Jumapili moja nzima kwa mwezi angalau. Jioni 4 kwa wiki ni zako. Ukikaa mwaka mzima una wiki 4 za likizo na pesa yako ya mfukoni inaendelea kulipwa. Chumba kiwe chako peke yako, kina dirisha, mita za mraba 8 kwa uchache. Bima ya ugonjwa na ya ajali analipa mwenye nyumba, si wewe. Kumuuguza mzee au mgonjwa si kazi ya au pair hata kidogo, hiyo rangi ya njano haikutakiwa kuwepo kwenye friji. Na familia inachangia euro 70 kila mwezi kwa masomo yako ya lugha.

Hiyo 70 ndiyo niliyoililia zaidi. Pesa ya mfukoni inaisha, lakini lugha unatoka nayo. Msichana akitaka baada ya mwaka aingie mafunzo ya uuguzi au ufundi kulekule, ataulizwa cheti cha lugha cha B1 kwa uchache, yaani kiwango cha kati, na pengine B2 kilicho juu yake. Aliyezuiwa darasani mwaka mzima anarudi na A1 yake ileile aliyoondoka nayo Nairobi, na viza ya au pair ukishaitumia mwaka wake haiongezwi. Wakala anawaambia "ukifika utageuza viza", hasemi kwamba kinachoigeuza ni kile cheti. Nilipohamia familia ya pili, kwa msaada wa washauri wa IN VIA, shirika la Kikatoliki la Ujerumani ambalo huwasikiliza au pair, nilianza darasa wiki ileile, katika shule ya watu wazima ya mji, Volkshochschule, ambayo ada yake si kubwa. Ilikuwa nusu ya mwaka imeshakwenda bure.

Tena siku hizi wana chambo kipya. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi kule Berlin, na sasa kila mwenye bango anasema milango imefunguliwa. Makubaliano yale hayampi mtu viza mkononi, na sharti la lugha liko palepale.

Wazazi wa Lamu, nanyi nawasemea, maana wengi mnaletewa habari hizi na binti wa jirani, kisha mnavuka na pesa taslimu mpaka Malindi. Kabla hujatoa shilingi, uliza kama wakala yumo katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ile NEA; iko wazi kwenye mtandao. Mkataba uletwe na tafsiri, usomwe kwa sauti mbele ya mama na baba, na nakala ibaki nyumbani. Anayekataa hilo mfungulie mlango aende zake.

Jumbe zangu za M-Pesa ninazo zote, na nakala ya mkataba ninayo. Aliyelipa kwenye nambari hiyo ya bangoni aandike hapa chini mwaka na kiasi tu, jina la binti msilitaje, mengine tutaongea faraghani. Tukipatikana watu wa kutosha tunakwenda pamoja kuandikisha malalamiko, polisi na NEA. Mimi niko tayari hata kesho.

Na wewe bwana, najua unasoma humu. Jibu hapahapa mbele ya watu: zile nakala ulizotuahidi kwa barua pepe ziko wapi, na ile pesa ya tiketi uliyotulipisha mara mbili unairudisha lini?