Skripti ya vichekesho vya familia: mtoto wa Gredi ya 7 asiye na rafiki

chipukizi_wa_skripti
Hamjambo wadau. Nina skripti ya kurasa 24, vichekesho vya familia. Mhusika mkuu ana miaka 12, ameingia Gredi ya 7, na marafiki zake wote wamehamia shule nyingine. Nyumbani kuna mama, babu na dada mdogo wa Gredi ya 3. Maonyesho ya nyumbani yanachekesha, lakini tukifika shuleni yanageuka kilio, na mwishoni mama anahubiri kurasa mbili nzima. Nirekebishe wapi?

kalamu_nyekundu
Tazama kwanza anachokitaka. "Kutafuta marafiki" hakuigiziki. Mpe kitu kimoja kinachoonekana: anataka kukaa kwenye benchi fulani wakati wa chakula cha mchana. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja, kwa hiyo tuijue hamu hiyo kufikia ukurasa wa 3. Kisha atunge uongo mdogo ili aipate, tuseme kwamba babu yake aliwahi kuchezea Harambee Stars, timu ya taifa ya soka ya Kenya. Kwenye ukurasa wa 12 wenzake wanataka babu aje awafundishe mpira. Ukurasa wa 18, mambo hadharani. Hapo tunacheka mpango wake, si upweke wake. Ukimfanya mtazamaji acheke umbo la mtoto, lafudhi yake au umaskini wao, umempoteza yule wa miaka 12 aliyeketi sebuleni na wazazi wake, na yeye ndiye unayemwandikia.

mama_jukwaa
Huyo dada mdogo hujamtumia! Tangu 2023 shule za sekondari msingi za umma (Gredi ya 7 hadi 9) zimekuwa ndani ya shule za msingi, kwa hiyo yuko uwanja uleule na kaka yake, na jina lake la nyumbani analijua. Mtoto anajiona mkubwa, amevaa sweta aliyonunuliwa "akue nayo", mikono imefunika vidole, mara katoto kanaita toka ng'ambo ya uwanja: "Kaka Toto! Mama anasema umesahau leso!" Ila jina hilo lisikike nyumbani mara mbili kwanza, kwa upendo, kabla ya ukurasa wa 5. Likizuka shuleni tu, hakuna atakayecheka.

chipukizi_wa_skripti
Asanteni sana. Na mahubiri ya mama?

kalamu_nyekundu
Yafute yote. Mzazi akitatua, mtoto hajafanya lolote. Babu aje shuleni kweli na bukta yake, apige penalti ipae juu ya paa la darasa, na mtoto aseme mwenyewe, "Nilidanganya." Nusu ukurasa yatosha. Benchi lote lisimpokee. Mmoja tu asogee ampe nafasi.

Ukimaliza, wasomee kwa sauti watoto wanne watano wa umri huo, penseli mkononi. Mistari minne ikipita bila kicheko wala wasiwasi, kata. Usiwaulize kama wamependa, maana watakuitikia ndiyo kwa heshima tu. Angalia ni ukurasa gani wameanza kuchezea viatu vyao.