Orwell: mtetezi wa uhuru au mchongezi?

Kalamutupu: Mei 1949 George Orwell, mwandishi wa riwaya ya Nineteen Eighty-Four, alimpelekea Celia Kirwan, wa kitengo cha propaganda cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, majina 38 ya watu aliowashuku kuwa upande wa Wakomunisti. Na huyu ndiye mtetezi wa uhuru?

Kifaru: Mkuu, umebeba nusu. Orodha ilihusu watu wasiofaa kupewa kazi ya kukiandikia kitengo hicho, si wa kukamatwa. Halafu mtu mwenyewe yuko kitandani Cranham, hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, keshajimaliza kwa kupiga taipu.

Mchwa: Kujimaliza kwa taipu! Kifua kikuu huletwa na bakteria, ndugu, si taipu.

Kifaru: Nani kasema taipu ina bakteria? Mswada wa Nineteen Eighty-Four ulijaa masahihisho ya mkono, na hakupatikana mpiga taipu wa kwenda Barnhill, nyumba aliyokaa kisiwani Jura, Scotland. Akapiga mwenyewe, nakala ya juu na mbili za kaboni. Ukikosea herufi moja unafuta mara tatu. Fanya hivyo una homa, umeegemea mito, uone. Desemba 1948 mswada umeondoka, Januari kalazwa, na akafia hukohuko Jura.

Mchwa: Kafia Jura? Alifia London, hospitali ya University College, 21 Januari 1950. Na kilichomwangusha ni dawa. Mapema 1948, hospitali ya Hairmyres, alianzishiwa streptomaisini, dawa ya kifua kikuu iliyoagizwa Marekani. Baada ya siku kama 50 ngozi inababuka, mdomo una vidonda, nywele na kucha zinatoka. Ikasimamishwa.

Kifaru: London, sawa, nimeteleza. Ila hiyo dawa ilimpa nafuu, akatoka Julai. Akarudi kwenye mswada badala ya kupumzika. Tumerudi kwenye taipu.

Mchwa: Nafuu si kupona. Streptomaisini ikitumika peke yake vimelea huizoea, ndiyo maana baadaye ikaunganishwa na PAS, dawa nyingine ya kifua kikuu.

Kalamutupu: Mimi niliuliza majina 38, mmefika kwenye kucha.

Binti Wino: Ugonjwa haumtetei. Daftari lake lilikuwa na majina zaidi ya mia, tena pembeni ya baadhi kaandika kama ni Myahudi. Homa haichagui majina.

Kifaru: Kazi ya polisi wa mkoloni kule Burma aliiacha 1927, hilo hulitaji.

Binti Wino: Nani kataja Burma hapa?

Mchwa: Na koo? Risasi ya Huesca, kwenye vita vya Hispania, 1937, ilimpita shingoni. Hiyo nayo ni taipu?