Nimefunga, nimeomba, na bado sijui niende Kibondo au nibaki na mama

Nesi wa Tukuyu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naombeni ushauri, hasa ninyi mliowahi kupita hapa nilipo.

Mimi ni nesi kwenye zahanati binafsi. Nimeitwa kazini serikalini, kituo cha afya huko Kibondo, mkoa wa Kigoma. Mnajua ajira hizi zinavyosubiriwa. Lakini mama yangu ana kisukari, na chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto ana kidonda kinachokataa kufunga. Ninamsafisha mimi kila jioni. Insulini yake tunaitunza kwenye mtungi uliozungushiwa mchanga uliolowa maji, maana nyumbani hakuna friji. Kaka ni dereva wa lori, leo yuko Tunduma, kesho Lubumbashi.

Mchungaji wangu anasema ameoneshwa mlango umefunguliwa. Mama mmoja wa maombi ameota ninavuka mto wa maji machafu. Wote wananipenda, na siamini kwamba yeyote kati yao ananidanganya. Basi nikamwekea Mungu ishara kama Gideoni: kaka akinipigia mwenyewe kabla Jumapili haijaisha, nakwenda. Jumapili usiku simu yake ikaita mara moja, ikakatika. Sasa hiyo ni kupiga au si kupiga? Sikulala.

Kwamba Mungu yupo sina shaka. Kinachoniumiza ni kuwa nataka kumtii, na sioni ananiambia nitii nini. Wenzangu mnamtumainije mkiwa gizani hivi?

Kijana wa Uyole

Nenda dada. Mungu akifungua hakuna wa kufunga. Kidonda atasafisha nesi mwingine, nafasi ukiiacha imekwenda.

Mzee wa Kanisa

Pole sana mwanangu. Na wewe kijana, taratibu. Yona alipomkimbia Mungu alifika Yafa akakuta merikebu ya Tarshishi ipo, na nauli alikuwa nayo. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

Binti, soma Yeremia 42 polepole. Yerusalemu imeshaanguka, mabaki ya watu wanawaogopa Wakaldayo, yaani Wababeli, wanamwomba nabii awaulizie kwa Mungu waende wapi. Neno likaja baada ya siku kumi. Hebu fikiria siku hizo: watu wana hofu, wanamtazama yeye, naye hana la kuwaambia, na hakutunga. Mimi nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu na ninajua ilivyo vigumu mtu anayelia akikuuliza, nawe ukajizuia kusema "Bwana ameniambia". Neno lilipokuja liliwaambia wabaki, wakalikataa. Safari ya Misri walikuwa wameipanga kabla ya kuuliza, angalia mwisho wa sura ya 41.

Kwa hiyo jiulize: likija la kubaki, utabaki? Likija la kwenda, utakwenda? Kaa na maswali hayo mbele za Mungu kabla ya kutafuta ndoto nyingine.

Habari ya ngozi ya kondoo aliyoiweka Gideoni kuomba ishara: yeye alikuwa ameshaambiwa la kufanya, na mwenyewe anasema "kama ulivyosema". Wewe hujaambiwa. Usiikamue simu ya kaka yako itoe sauti ya Mungu, huenda salio lilimwishia.

Halafu umemtaja mchungaji, mama wa maombi na kaka. Mama mwenyewe anasemaje?

Binti wa Tanga

Mimi ni Mwislamu, naomba niseme kidogo. Kwetu kuna swala ya istihara, ya kumwomba Mungu akuchagulie la kheri, rakaa mbili zisizo za faradhi kisha dua, kama alivyosimulia Jabir, sahaba wa Mtume, katika hadithi iliyomo kwenye mkusanyo wa Bukhari. Wengi husali halafu wakalala wakingoja ndoto, ilhali hadithi yenyewe haikutaja ndoto. Dua inaomba jambo likiwa la kheri liwe jepesi, likiwa la shari liepushwe, na mwisho unaomba ukadiriwe kheri popote ilipo kisha uridhishwe nayo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonishika mkono nilipomaliza eda na kulazimika kuchagua nyumba ya kuishi na wanangu. Sikuota chochote. Nilihama nikiomba njiani.

Nesi Kasulu

Mwenzangu, mimi nilikuja huku Kigoma na baba mgonjwa. Mpigie mganga mfawidhi wa kituo, uliza nyumba ya mtumishi, umeme, na kliniki ya kisukari iko siku gani hospitali ya wilaya. Kuuliza hayo si kumkosea Mungu imani.

Nesi wa Tukuyu

Asanteni, nimewasoma wote. Mzee, mama nimemwuliza jioni hii nikimfunga bandeji. Akasema, "Tangu umalize chuo naomba upate kazi ya kudumu. Nilinyamaza usije ukadhani nakufukuza." Kuhusu kuja na mimi, anataka kwanza aongee na daktari wake na dada yake wa Kyela.

Yale maswali mawili, la kwenda naweza kusema ndiyo. La kubaki linanikwama kooni, na nimemwambia Mungu hivyo hivyo. Ninaendelea kuomba.

Nesi Kasulu, mganga mfawidhi nimempata. Nyumba ipo ya vyumba viwili, umeme unakatika. Friji ndogo za sola huko zinapatikana, au ninunue Mbeya kabisa?