VPN inaburuta nyumbani: niiache kwenye ruta au niweke kila kifaa?

Kisiki: Wakuu naombeni msaada. Bila VPN napata Mbps 94, nikiwasha inashuka mpaka 11. Nimeiweka kwenye ruta, kwa OpenVPN (moja ya njia za kuendesha VPN), ili simu, laptop na tivii zote zipite humo humo nisihangaike na programu kila kifaa. Seva nimebadilisha mara tatu, hola. Tatizo ni kampuni ya VPN au hii ruta?

MamaWaya: Usiilaumu kampuni kwanza. Zima VPN ya ruta, weka programu yao kwenye laptop, chomeka kebo kabisa sio waifai, seva ileile, pima. Ikipanda ujue ruta ndo imezidiwa, maana prosesa za ruta nyingi ni ndogo na OpenVPN inazikamua kweli, kila pakiti, yaani kipande cha data, lazima ifungwe kwa siri na kufunguliwa.

Fundi51820: Mi nasema hamia WireGuard, njia nyingine ya VPN, mengine baadaye. Imo ndani ya kernel (kiini cha mfumo) ya Linux tangu toleo 5.6 la mwaka 2020, wakati OpenVPN ya kawaida inakaa nje huko data inakwenda na kurudi. Ruta yangu OpenVPN ilikuwa inanipa 14, WireGuard 60 na kitu, ruta ileile laini ileile.

Pakiti: Sawa mkuu ila WireGuard ni UDP tu (inatuma data bila kusubiri uthibitisho, TCP yenyewe inasubiri na kutuma upya kilichopotea), mtandao unaobana UDP haikusaidii kitu, hapo OpenVPN ya TCP porti 443, ile ya tovuti za https, ndo inapenya. Kisiki angalia setingi zako, kama umeweka TCP bila sababu itoe leo leo, TCP ndani ya TCP pakiti moja ikipotea zote mbili zinaanza kutuma upya, kila kitu kinakwama.

Kisiki: Laptop na kebo: 78! Kumbe ruta. Na kweli ilikuwa TCP, kuweka UDP imefika 19. Nimehamia WireGuard ruta inatoa 55, ila kuna kurasa zinafunguka nusu zinaganda.

MamaWaya: Hiyo MTU ndugu yangu, ukubwa wa mwisho wa pakiti kwa baiti. Itakuwa 1420, na laini yako kama ni PPPoE (ile ruta inaingia kwa jina na nenosiri la mtoa huduma) mwisho wake ni 1492 sio 1500. Toa 80 za WireGuard, weka 1412. Ikigoma shuka 1380.

Kisiki: 1412 imekubali, asante sana dada. Tivii na simu naziacha kwenye ruta, laptop ya kazi naitoa kwenye VPN ya ruta itumie programu yake, 78 siiachi.

Pakiti: Hakikisha umeitoa kweli, la sivyo utakuwa unapita VPN mbili kwa mpigo.