Naunga rimoti ya kuwashia gari, nimekuta nyaya mbili za stata. Niunge upi?

Mnyalu_Thelujini
Wakuu habari zenu. Niko Minnesota, baridi ndiyo hiyo inaingia, na hata sisi wa Mafinga tuliokuwa tukijidai tunaijua baridi huku tumekoma. Nina Toyota 4Runner ya 2001, hii ambayo nyumbani tunaiita Surf. V6 ya petroli, gia otomatiki. Nimenunua kifaa cha kuwashia kwa rimoti ili asubuhi niikute imeshapata joto.

Kifaa kina waya mmoja tu wa stata. Nimefungua plastiki za chini ya usukani, nikapima soketi ya swichi kwa multimita. Nyaya mbili zinaleta moto pale tu ninapopiga stata, nikiachia ufunguo zote zinarudi sifuri. Je, niziunge zote mbili kwenye ule waya mmoja wa kifaa? Mafundi wa hapa bei zao mnazijua wenyewe.

Kibati
Zikusanye zote, zungushia tepu, maisha yaendelee. Nissan yangu niliifanya hivyo na inawaka mpaka leo.

Fundi_wa_Nyaya
Kibati, gari kuwaka siyo ushahidi kwamba kazi ni nzuri. Mnyalu, usiziunganishe moja kwa moja.

Swichi ya Toyota ukiitazama kwenye ramani yake ya umeme utakuta ni kama swichi mbili ndani ya mwili mmoja. Upande wa kwanza unapokea moto wa betri kupitia AM1 na kuugawa kwa ACC (redio na vifaa vidogo), IG1 (IG ni laini ya ON) na ST1 (ST ni stata). Wa pili unapokea kupitia AM2 na kuugawa kwa IG2 na ST2. Kila upande una fyuzi yake. Ukizifunga ST1 na ST2 pamoja, kila ukipiga stata kwa ufunguo unaziunganisha laini mbili ambazo kiwanda kimezitenganisha. Siku upande mmoja ukipata shoti, wa pili nao unaingia kwenye msiba usiouhusu, na wewe utabaki kutafuta kosa mahali lisipokuwepo.

Kwanza hakikisha kweli zote mbili ni za stata. Waya wa stata unasoma sifuri kwenye ACC na ON, unapata moto kwenye START peke yake. Waya wa IG unakuwa na moto kwenye ON na haupotezi wakati wa kupiga stata. Wa ACC una moto kwenye ACC na ON, ila unakatika ukipiga stata. Usishangae multimita ikishuka hadi volti 10 hivi injini inapozungushwa, hasa kwenye baridi.

Kisha jaribu. Gia P, handibreki juu, swichi ON, halafu gusisha moto wenye fyuzi kwenye waya mmoja kwa muda mfupi, halafu mwingine. Ule unaozungusha injini ndio mkuu, ndio wa kuunga kwenye kifaa. Wa pili mara nyingi kazi yake ni kuiarifu kompyuta ya injini kwamba stata inapigwa. Gari ikiwaka vizuri kwa ule mkuu peke yake na taa ya cheki injini isije, wa pili uache kama ulivyo. Rudi na majibu.

Bi_Saumu
Mimi nauliza tu: ufunguo wako una chipu? Kama gari ina imobilaiza (kinga ya wizi inayosoma chipu ya ufunguo), hata uunge nyaya kumi itapiga stata weee na haitashika. Utahitaji kifaa kidogo cha kuipitisha, na huuzwa kulingana na aina ya gari.

Mnyalu_Thelujini
Asante dada, huu ni ufunguo wa chuma mtupu.

Fundi, nimejaribu. Mmoja unazungusha injini, mwingine kimya. Nikitumia ule mkuu peke yake inapiga stata muda mrefu ndipo ishike, na leo asubuhi cheki injini imekuja. Kwa ufunguo inashika papo hapo.

Fundi_wa_Nyaya
Basi wa pili unahitajika. Kabla ya kununua chochote soma kitabu cha kifaa chako. Vifaa vingi vina waya wa ziada unaoweza kuupangia kazi ya IG ya pili, ACC ya pili au stata ya pili. Ukiwa nao, upange uwe stata ya pili na kazi imeisha.

Kama hauna, nunua rilei (swichi inayovutwa na umeme) ya pini tano, ampia 30 au 40. Pini 86 iunge kwenye waya wa stata wa kifaa, 85 kwenye bodi (chuma cha gari), 87 kwenye moto wa betri kupitia fyuzi, na 30 kwenye ule waya wa pili. Pini 87a iache tupu, uizibe isiguse kitu. Kifaa kikipiga stata rilei nayo inavuta, kila waya unapata moto wake bila kukutana na mwenzake. Fyuzi hiyo isizidi ile ya kiwandani ya laini hiyo. Kama waya wa stata wa kifaa chako unatoa ethi, yaani hasi, badala ya moto (vipo vya hivyo), basi huo uende 85, na 86 ipate moto.

Kibati
Mambo mengi hivyo ya nini? Si achukue tu moto kwenye mota ya stata yenyewe chini ya boneti?

Fundi_wa_Nyaya
Hilo ndilo baya kuliko yote. Swichi ya P na N iko kati ya ufunguo na mota. Ukiunga kwenye mota umeiruka, na gari litapiga stata likiwa kwenye D huku wewe uko jikoni unakunywa chai. Ndiyo sababu pia gia za kukanyaga klachi hatuziungi rimoti ovyo.

Bi_Saumu
Na swichi ya boneti, ile inayozuia rimoti kuwasha gari boneti ikiwa wazi, usiiache ndani ya boksi. Mtu akiwa anakagua oili, kidole cha mwingine kikagusa rimoti, hayo mengine siyasemi. Kingine, gari unalaza gereji au nje?

Mnyalu_Thelujini
Gereji, imeshikana na nyumba.

Bi_Saumu
Basi utoe gari nje kwanza, au usitumie rimoti kabisa. Kufungua mlango wa gereji peke yake hakutoshi, moshi unapenya hadi chumbani na ile kaboni monoksidi haina harufu. Kwa gari la kulala ndani ningechukua hita ya injini ya kuchomeka ukutani.

Mnyalu_Thelujini
Nitalilaza nje kuanzia leo, gereji itabaki ya kutunzia vitu tu. Fundi, waya wa ziada upo, kitabu kinasema unapangiwa kwa kukanyaga breki na kubonyeza rimoti. Nitarudi kesho nikishamaliza.

Fundi_wa_Nyaya
Vua terminali hasi ya betri kabla ya kuunga, na waya wowote wenye ganda la njano hapo chini ya usukani usiuguse wala kuupima, huo ni wa eabegi.