Mrejesho: chumba kwenye hoteli iliyokuwa kasri

Niliuliza kama inafaa kuchukua chumba cha bei ya chini kwenye hoteli ndogo iliyokuwa kasri la kifalme. Inafaa, ila chagua chumba chenyewe, si daraja lake. Kimoja kililaza malkia, jirani yake kilikuwa stoo! Kabla ya kulipa, omba namba na picha ya chumba hichohicho, uulize ngazi ni ngapi, maana majengo ya urithi mara nyingi hayana lifti. Kuta nene za mawe humeza intaneti, kaa dirishani. Maji ya moto hupita mabomba marefu, yaache yatiririke kidogo kabla hujaita fundi. Mlango wa mbao uliovimba kwa unyevu? Unyanyue kwa kitasa ndipo usukume. Ukiusukuma kwa bega, utavunja komeo la kale.