Jazi ya klabuni imenikamata, ya nyumbani inanipita. Naomba ushauri

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Miezi miwili iliyopita mfanyakazi mwenzangu alinipeleka klabu moja ndogo kusikiliza jazi. Nilikwenda ili nisimwangushe tu. Jukwaani walikuwa watatu: piano, lile besi kubwa la kusimama, na drams. Tulikaa karibu na mpiga drams kiasi cha kuona nyaya za brashi zake zikitawanyika juu ya ngozi ya ngoma. Hakuwa anapiga, alikuwa anapangusa. Mkono wa kushoto unazunguka, wa kulia unagusagusa. Ikafika mahali mpiga piano akanyamaza, mwenye besi akabaki peke yake, ukumbi mzima kimya. Kisha wote watatu wakaingia kwa pamoja bila mtu kuhesabu. Mwili ulinisisimka.

Nikaamua huu ndio muziki wangu. Nikatafuta albamu ambazo kila mtu anazitaja: Kind of Blue ya Miles Davis, A Love Supreme ya John Coltrane na Time Out ya Dave Brubeck. Nyumbani nazisikiliza dakika tano, kisha mawazo yanahama. Nikija kushtuka, tuko wimbo wa tatu. Mke wangu ananiambia ni muziki mzuri wa kuweka wakati anafanya kazi zake, na hilo limeniuma, maana klabuni haukuwa muziki wa pembeni hata kidogo.

Nakosea wapi? Na nikirudi klabuni, nizingatie nini ili nifaidi zaidi?

Besi_Nne

Karibu sana mkuu. Mimi ni mpiga besi, kwa hiyo nitavutia upande wangu.

Klabuni macho yalikuwa yanakuongoza. Piano iliponyamaza, uliona mikono imetulia, ukajua sasa nimsikilize wa besi. Nyumbani hakuna wa kukuonyesha, lazima sikio lichague lenyewe. Kwa hiyo chagua mtu mmoja, umfuate wimbo mzima kama unavyomfuata mwenzako sokoni usimpoteze.

Chukua So What, wimbo wa kwanza wa Kind of Blue. Baada ya utangulizi wa taratibu, anayetamka wimbo wenyewe ni besi la Paul Chambers, na wengine wanamjibu kwa milio miwili. Hesabu moja hadi nne, mara 8. Rudia tena mara 8, muziki ni uleule. Mara 8 zinazofuata kila kitu kinapanda nusu hatua, yaani sauti inapanda kidogo tu, kama kutoka kitufe kimoja cha piano hadi cha jirani yake. Mara 8 za mwisho kinashuka pale kilipoanzia. Huo ni mzunguko mmoja, na wimbo wote umesimama juu yake. Miles Davis na tarumbeta yake anapiga solo (zamu yake ya kubuni peke yake) ya mizunguko miwili, anafuata John Coltrane kwa saksafoni na miwili yake, halafu Cannonball Adderley, naye kwa saksafoni, miwili. Ukishaisikia ile nusu hatua inapanda na kushuka, hupotei tena. Utakuwa unajua mtu yuko chumba gani cha nyumba.

Jambo jingine: sikiliza pale Miles anapoanza solo yake, kabla ya dakika ya pili. Mpiga drams Jimmy Cobb anagonga tasa, lile sahani la chuma la drams, na mlio wake unaning'inia hewani muda mrefu. Mimi nimeusikia mara nyingi sana na bado nausubiri.

DadaSauti

Kaka, kuhesabu ni kuzuri, lakini kwa anayeanza naona tumrahisishie. Anza na waimbaji. Ella Fitzgerald na Louis Armstrong walirekodi Ella and Louis mwaka 1956, nyuma yao wakiwa na Oscar Peterson kwenye piano na Ray Brown kwenye besi. Ella anaimba wimbo karibu kama ulivyoandikwa, Louis anakuja na wimbo uleule anauvunja, anachelewesha neno, anameza jingine. Tofauti kati ya wawili hao ndiyo jazi yenyewe. Ukiisikia kwenye maneno, utaisikia kwenye saksafoni.

Na mwite shemeji mkae wote. Yule hajaukataa muziki, hajapata pa kuushikia.

MzeeWaSanturi

Wote mmesema vyema, ila mmempita mleta mada. Yeye kasema alichokipenda ni ukumbi. Basi apewe albamu zilizorekodiwa ukumbini.

Kijana, tafuta Waltz for Debby ya Bill Evans. Ni watatu kama uliowaona wewe: Evans kwenye piano, Scott LaFaro kwenye besi, Paul Motian kwenye drams. Ilirekodiwa Village Vanguard, New York, Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961. Ukumbi huo uko chini ya ardhi, una umbo la pembetatu, na umekuwepo tangu mwaka 1935. Siku hiyo walipiga seti tano, yaani awamu tano zenye mapumziko katikati, mchana hadi usiku. Utasikia glasi zinagongana, watu wanaongea chini chini, mtu anacheka. Wapo wanaokerwa na kelele hizo. Mimi naona bila hizo albamu ingepungukiwa.

Siku kumi na moja baadaye LaFaro alifariki kwenye ajali ya gari. Alikuwa na miaka 25. Sikukuambia ili uhuzunike, nimekuambia ili umsikilize. Yeye hakai chini kushikilia mdundo tu, anazungumza na piano kama mtu anayejibizana na rafiki yake. Halafu zima taa ya juu, simu iache chumba kingine, sikiliza upande mmoja wa santuri tu, kama dakika 20. Ukiisha, inuka. Usiunganishe albamu tatu usiku mmoja, sikio linashiba kama tumbo.

Mleta mada

Mzee shikamoo, na asante sana. Dada, hilo la mke wangu nimelichukua. A Love Supreme mbona hakuna aliyeigusa? Ndiyo inayonishinda kuliko zote.

MzeeWaSanturi

Marahaba. Iweke pembeni kwanza, itakusubiri. Coltrane aliirekodi Desemba 1964 kama sala, sehemu nne zinazofuatana, na sala haisikilizwi vipande vipande. Siku ukiwa na utulivu isikilize kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katika sehemu ya mwisho saksafoni inasoma shairi alilolitunga mwenyewe, silabi kwa silabi, bila kutamka neno.

KitiChaMbele

Mimi nijibu la klabuni, maana huko ndiko ninakoishi. Usikimbilie meza iliyo mbele ya spika. Kaa pale unapoona mikono ya mpiga piano na uso wa mpiga drams kwa pamoja. Mipango yote ya bendi inapita kwenye macho yao: nani anaingia, nani anamaliza, wapi wanarudi kwenye wimbo. Piga makofi solo ikiisha, lakini solo ya besi ikianza shusha glasi taratibu, chombo hicho kinamezwa na kelele ndogo tu. Ukiweza, baki seti ya pili. Kwa uzoefu wangu, seti ya kwanza wanamuziki wanausoma ukumbi, ya pili wanathubutu. Na ukiusikia wimbo ukaupenda, muulize mwanamuziki wakati wa mapumziko ni upi na alijifunza kwa nani. Wengi hufurahi kuulizwa, na ndivyo nilivyozijua albamu zangu nyingi.

Ngoma_na_Pumzi

Wadau, kwenye uzi wa Kiswahili mnaachaje kumtaja Randy Weston, mpiga piano wa jazi Mmarekani? Albamu yake Uhuru Afrika ilirekodiwa Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Mshairi Mmarekani Langston Hughes aliandika shairi, Melba Liston akapanga muziki wa bendi nzima, na mwanzoni kabisa unamsikia Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, akilisoma kwa Kiswahili. Vipande vingine vinaitwa Uhuru Kwanza na Kucheza Blues. Mara ya kwanza kuisikia nilirudisha mwanzo mara tatu, sikuamini ni lugha yetu iko pale katikati ya ngoma.

Besi_Nne

Hii kubwa. Asante kwa kuikumbusha.

Mleta mada

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Jana usiku tulizima taa, tukaweka Waltz for Debby, upande wa kwanza tu. Nilimfuata LaFaro. Mara mbili nilimpoteza, mara mbili nikampata. Wimbo wa kwanza ulipokuwa unaisha, mke wangu akanishika mkono, akasema, "Sikia, kuna mtu kaweka glasi mezani." Tukarudisha tuisikie tena ile glasi.

Ijumaa tunakwenda klabuni wote wawili. Tutabaki seti ya pili.